Mama Kwenye Kaunta ya Dawa

3 Februari

Kitinda,

Salamu utanisamehe. Nimekasirika, na nikianza kukuuliza hali yako nitakuwa mnafiki.

Jana Mjomba alikuja na barua yako mkononi. Hata kukaa hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akavaa miwani, akatusomea mimi na Mama kama hakimu: "Nimempima Mama kwa utaratibu tuliofundishwa chuoni. Akili yake ni timamu. Anachohitaji ni shughuli." Akaikunja, akaitia mfukoni, akanitazama. "Mtaalamu amesema. Wewe fundi wa mafriji una la kuongeza?"

Nilikuwa nalo, tena si moja. Lakini Mama alikuwa amekaa palepale, vifungo vya gauni vimepishana tundu, anatabasamu kama mgeni rasmi. Ningesema nini mbele yake? Kwamba alichemsha kandambili zangu kwenye sufuria ya maharage akidhani ni vyombo vya upasuaji? Kwamba kila jioni anauliza Baba amechelewa wapi, namwambia Baba alifariki, Mama, tulimzika wote, na analia upya kama ndiyo kwanza anapata habari? Kwamba juzi alinifungia nje akapiga kelele za mwizi, majirani wakaja na fimbo, ikabidi nijieleze mbele ya mlango wangu mwenyewe?

Wewe ulikuja likizo, ukala, ukalala, ukampima, ukaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mimi mwenyeji sikupona.

Sasa sikia barua yako ilichozaa. Muuza dawa wa Mjomba ameacha kazi. Mjomba anataka Mama akae kaunta ya duka lake la dawa kuanzia Jumatatu. Anasema muuguzi aliyefundisha wauguzi wa mji mzima hawezi kuozea kwangu katikati ya mafriji mabovu. Bango ameshaandikisha: "Sasa unahudumiwa na Mwalimu mwenyewe." Anajua wateja watafurika, maana hapa mjini ni nani ambaye hajachomwa sindano na mwanafunzi wa Mama?

Mama huyu asiyejua kandambili na mkasi, apewe rafu nzima ya dawa awagawie watu. Atamuua mtu, Kitinda, na ataulizwa yeye. Mwandikie Mjomba umwambie ulikosea. Neno langu halina uzito, mimi ndiye yule niliyekimbia shule nikaenda kujaza gesi. Lako linasikilizwa, basi litumie.

Kaka yako,
Fundi Baridi


10 Februari

Kaka,

Shikamoo, hata kama hutaki salamu.

Barua yako imeniudhi. Huu ni mwaka wa tatu nasomea uuguzi, nimekesha wodini, nimefunga maiti kwa mikono hii, halafu unaniambia nilikuja kula na kulala. Acha nikueleze nilivyompima Mama, ili siku nyingine uheshimu kazi za watu.

Nilimkalisha dirishani penye mwanga. Kabla sijafungua mdomo akanirekebisha: "Usisimame juu ya mgonjwa. Kaa naye uso kwa uso." Huyo ndiye aliyepotewa na akili? Nikamuuliza leo ni siku gani. Akanitazama kwa lile jicho lake la darasani. "Swali zuri. Wewe unasemaje?" Nikasema Alhamisi. "Vizuri sana. Na tarehe?" Nikaitaja. "Umejiandaa," akasema. Tukaenda hivyo hivyo, mwezi, mwaka, mji, jina la mtaa, hakuna tulipokwama. Nikampa maneno matatu ayaweke kichwani, tukapiga soga kidogo, kisha nikayauliza. Akanyanyua kidole: "Mwanafunzi mzuri hasahau maneno aliyompa mgonjwa. Yataje." Nikayataja yote, akanipigia makofi. Nikampa karatasi achore saa. Akasema kuchora saa ni kazi ya wanafunzi wavivu, nikacheka mpaka machozi. Nikamwandikia alama zote, na kwa kweli niliona fahari. Nilijiona niko darasani kwake, enzi zile ambazo wenzangu walimpata na mimi sikumpata.

Tena nilimkuta msafi, ngozi ina mafuta, nguo zimepigwa pasi. Mgonjwa wa akili hawi hivyo.

Nilichokiona kibaya hapo nyumbani ni kufuli. Kaka, unamfungia mama yetu kwa nje! Mtu mzima, mwalimu wa watu, anafungiwa kama mbuzi, halafu unashangaa akikuita mwizi? Kusahau ni uzee, sote tutaufikia. Kukaa bure ndiko kunakommaliza. Nadhani umechoka, na sikulaumu, lakini uchovu wako usiugeuze kuwa ugonjwa wake. Mjomba simwandikii. Mama aende kazini.

Mdogo wako,
Kitinda


21 Februari

Muuguzi Mtarajiwa,

Ulimkuta msafi, ana mafuta, nguo zimepigwa pasi. Ulidhani nani alimwogesha? Malaika?

Ni mimi. Mimi mtoto wake wa kiume namwogesha mama yangu mzazi. Natundika shuka katikati, nageuza shingo, napitisha mkono wenye sabuni pembeni ya shuka, na yeye ananiita "sista" na kunishukuru. Kabla ya hapo alikuwa hagusi maji, ukimwambia anasema ameshaoga. Nilimtafuta mama mmoja amsaidie, akamng'ata mkono. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake. Sasa umenilazimisha kuandika, basi ukimaliza kusoma karatasi hii ichome moto.

Na hilo kufuli nililiweka baada ya kumkuta barabarani na nguo ya kulalia, magari yanampigia honi, anakwenda chuoni kufundisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulikilalia likizo moja, ukatuandikia cheti kwamba hakina kunguni.

Haya, Mama yuko dukani, umefurahi. Mimi pia niko dukani. Mjomba hajui kwa nini friji yake ya dawa haiponi. Haiponi kwa sababu naitengeneza asubuhi na kulegeza waya mmoja ninapoondoka. Dawa zenyewe nimezihamishia kwenye friji nzima niliyompelekea kutoka kwangu, usianze kunihubiria. Mafundi wezi huharibu ili walipwe, mimi naharibu bure ili nipate pa kukaa. Nakaa nyuma ya kaunta, kichwa ndani ya friji, masikio nje.

Watu wanampenda mno. Mteja anaingia, "Mwalimu, kichwa kinaniuma." Mama anamwinamia, "Wewe unafikiri ni nini?" Mteja anafikiri, anajitajia ugonjwa, anajitajia na dawa, anaionyesha kwa kidole ilipo kwenye rafu. "Vizuri sana," anasema Mama, na kumpa. Wanatoka wanaambizana, huyu ndiye muuguzi, anasikiliza, si hawa vijana wa siku hizi. Mjomba anakenua meno yote.

Hadi sasa wanaokuja wanajua wanachotaka. Atakapokuja asiyejua, tutafanyaje?

Kaka yako


5 Machi

Kaka yangu,

Mtoe Mama dukani. Ukifika kwenye sentensi hii weka barua chini, nenda kamtoe, halafu rudi umalizie kusoma.

Juzi alikuja mama mmoja mtafiti. Anazunguka vyuo kupima wanafunzi wa uuguzi wanajua nini kuhusu ugonjwa wa Alzaima, ule unaokula kumbukumbu ya mtu. Alitugawia karatasi, kila sentensi uandike kweli au si kweli. Nilijaza kwa mbwembwe, nikamaliza wa kwanza. Kesho yake akaleta majibu bila majina. Darasa zima, watu tunaokaribia kukabidhiwa wodi, hata nusu ya alama hatukufikisha. Wengi tuliandika kwamba ni uzee wa kawaida. Wengine kwamba unapona kwa vitamini. Mmoja aliandika ni mapepo, tukamcheka, kumbe sisi tuliomcheka tumekosa karibu sawa na yeye.

Unajua mkuu wa somo alisema nini? Alisimama mbele ya mgeni akatutuliza: "Msijali, huu hautoki kwenye mtihani wa mwisho." Kaka, nilitamani kumrushia kiti! Miaka mitatu nimefundishwa kukunja kona za shuka mpaka naota shuka. Ugonjwa huu tulisomewa mchana mmoja, mwalimu anasoma huku anajibu simu. Ukurasa mmoja, wenye picha ya bibi kizee anayetabasamu. Na kwa ukurasa huo mmoja mimi nilikaa nikaandika kwamba akili ya mama yangu ni timamu.

Mtafiti akauliza kama kuna aliyewahi kumpima mtu. Nikanyoosha mkono, bado nina kiburi changu. Nikasema nilimpima mwalimu mstaafu ambaye ndugu walidhani ni mgonjwa, akapata alama zote. Akaniuliza taratibu, "Tarehe aliitaja nani?" Kisha akaongeza, "Na yale maneno matatu, aliyataja nani?"

Niliyataja mimi, Kaka. Siku, tarehe, mji, mtaa, vyote nilivitaja mimi, na Mama akaniambia vizuri sana. Maana ndivyo tulivyolelewa, mwalimu akiuliza unajibu. Nilimpima Mama nikapasi mimi. Na barua yako ilikuwa mfukoni, yenye wateja wanaojitajia dawa wenyewe, nimeisoma nikaona ni kichekesho.

Yule mama hakunicheka. Alisema walimu, mahakimu na wahubiri hujificha hivyo muda mrefu, kumbukumbu inaondoka na mazoea ya kazi yanabaki. Alisema maswali yale peke yake hayatoshi hata yakiulizwa vizuri. Kuna daktari, kuna kupima damu ili kuondoa magonjwa mengine, na kwanza kabisa kuna kumuuliza anayeishi na mgonjwa. Mimi anayeishi naye alikuwa jikoni anasugua sufuria, na sikumuuliza hata swali moja.

Lakini na wewe kuna unachokosea. Usimwambie tena kwamba Baba alifariki. Ilikuwemo kwenye karatasi, nami niliikosa: kumsahihisha kila mara hakumsaidii, kunamuumiza tu. Akimuulizia Baba, mwambie akusimulie habari zake. Na nimekukasirikia kwa kunificha habari za kuoga. Ungeniambia hilo ningeamini.

Mjomba namwandikia. Wewe mtoe Mama.

Kitinda


6 Machi

Kitinda,

Sijui kama umeandika. Kama umeandika, sijapata.

Leo amekuja yule asiyejua. Binti mdogo, mtoto wake wa kwanza, kichanga kina homa kinalia mpaka sauti imekauka. "Mwalimu, nisaidie." Mama akamuuliza, "Wewe unafikiri ni nini?" Binti akasema, "Sijui, ndiyo maana nimekuja kwako." Nikatoa kichwa kwenye friji.

Mama aligeukia rafu. Laiti ungeiona mikono yake. Alichukua chupa, akaifuta shingo, akamimina kwenye kijiko bila kumwaga tone, akashika kidevu cha mtoto kwa vidole viwili, vizuri kabisa, binti akawa anamtazama kwa imani yote. Harufu ilinifikia kabla sijaona chupa. Ilikuwa spiriti ya kusafishia vidonda.

Niliruka kaunta nikakipiga kijiko kikaruka. Mama akanizaba kofi. "Nani amemruhusu mtu huyu kuingia wodini?" Binti akapiga yowe, foleni nzima ikanivamia, mmoja amenishika shingo, mwingine ananiita mvuta bangi ninayempiga mama yangu mbele za watu. Nikawaambia wanuse chupa. Hakuna aliyenusa, na Mama alikuwa ameshairudisha mahali pake kwa utaratibu.

Mjomba ndiye aliyeokota kijiko. Alikinusa. Nilimwona kwa macho yangu akikinusa, na uso wake ukabadilika. Kisha akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni, akawageukia watu: "Tumsamehe kijana wetu. Kichwa chake hakiko sawa siku hizi."

Kichwa changu, Kitinda! Mimi ndiye mgonjwa!

Kichanga kimesalimika, nilimfuata binti mpaka zahanati japo alinitukana njia nzima. Mama amehamishiwa kwa Mjomba, geti limefungwa, mlinzi ameagizwa asinifungulie. Kesho asubuhi atakuwa kaunta kama kawaida. Wateja wamemwonea huruma, wameongezeka.

Sikuombi kitu. Nimekupa taarifa tu, mtaalamu.

Kaka yako


13 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo.

Nimekuandikia mara moja hujajibu, naandika tena. Barua niliyokuletea mwezi wa kwanza naifuta. Nilimpima Mama vibaya, na sikuwa na mamlaka ya kumpima mtu yeyote bila msimamizi. Mama ni mgonjwa. Anahitaji daktari, na anahitaji kutoka dukani leo.

Kaka ameniambia habari za kijiko. Ameniambia ulikinusa. Mjomba, umetulea kwa heshima na mimi nakuheshimu, lakini nakuuliza kama mpwa wako: ulinusa nini? Na kama ulinusa nilichoambiwa, ulilalaje usiku ule ukijua asubuhi atasimama palepale?

Mpwa wako,
Kitinda


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako ya kwanza nimeitia kwenye fremu, iko ukutani juu ya kaunta, wateja wanaisoma. Ile ilikuwa barua ya msomi. Hizi mbili zimeandikwa na kaka yako kwa mkono wako. Mtu mzima hali matapishi yake, na wewe usitake kunilisha ya kwako.

Ukoo wetu hauna wazimu. Nisikilize vizuri, maana ulikuwa hujazaliwa. Bibi yako, mama yetu, alimaliza siku zake anazungumza na ukuta, anatuita kwa majina ya wadogo zake, anatoka nje bila nguo. Hakuwa mgonjwa. Alirogwa. Aliyemroga alikuwa mama jirani, aliyejifanya mwema, kila asubuhi anamletea chai. Mimi mwenyewe niliwaongoza vijana tukamtoa mtaani yeye na watoto wake, na nyumba yake tukaibomoa. Watu wazima wote wa pale wanaujua ukweli huo, na hakuna aliyenilaumu mpaka leo.

Sasa wewe uliyeshika kitabu jana unataka kuniambia mambo kama yale huja yenyewe kichwani mwa mtu, bila mkono wa mtu? Fikiri sana kabla hujaniandikia tena. Fikiri unanishtaki kwa kosa gani.

Dada yangu ni mzima. Amezeeka kidogo tu, kama mimi.

Mjomba wako


28 Machi

Kaka,

Nakutumia barua ya Mjomba uisome mwenyewe. Mimi niliisoma nikakaa kitandani na viatu mguuni, nikashindwa kwenda wodini. Mimi niliambiwa Bibi alikufa kwa presha. Wewe je, ulijua? Nilidhani Mjomba ni mbishi na mpenda wateja. Kumbe akikubali kwamba Mama anaumwa, basi yule mama wa chai alifukuzwa bure, na yeye ndiye aliyefukuza. Kwa hiyo Mama aendelee kuwa mzima kwa amri, na vichanga vya watu vinyweshwe spiriti, ili Mjomba alale.

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi, utaona mwenyewe.

Nimefanya jambo. Nimekwenda ofisi ya wakaguzi wa maduka ya dawa nikaripoti duka la Mjomba. Nilieleza kijiko, nilieleza barua iliyo kwenye fremu, nikasema niliiandika mimi. Karani akaniuliza anayetoa dawa anaitwa nani, ana uhusiano gani na wewe. Nikasema ni mama yangu. Akaacha kuandika akanitazama, nikamwambia andika.

Mkuu wa chuo ameshapata habari. Nimeitwa mbele ya kamati, kwa nini mwanafunzi alimthibitishia mtu afya. Nikawaambia nitakubali adhabu yangu, ila nao waniambie kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa tatu hakujua kwamba hajui. Wamenisimamisha mazoezi ya wodini mpaka wakae tena. Yule mtafiti amewaandikia, sijui kama itasaidia.

Wakaguzi watakapofika kaa karibu. Mama asije akatoka pale ameshikwa na watu asiowajua.

Kitinda


25 Aprili

Mdogo wangu,

Tumefurahi sana kamati imekurudisha wodini. Umenyimwa cheti cha nidhamu, lakini cheti hicho hata mimi sina na naishi.

Mama yuko nyumbani. Wakaguzi walipokuja nilikuwa nje ya duka, nimejibanza kwenye kivuli cha bango. Mama aliwapokea kwa heshima zote, akawauliza wametoka chuo gani. Yule mkaguzi mkubwa alimwinamia, akamwita Mwalimu, akaniita mimi nimshike mkono, ndipo wakaanza kufunga milango. Hakuna aliyempigia kelele. Mjomba ndiye aliyepiga kelele, na fremu wameibeba.

Daktari amempima damu, amempima kichwa, amenihoji mimi kuliko alivyomhoji yeye. Ni ugonjwa ule ule uliousema. Dawa ya kuponya hakuna, kuna vidonge vya kusaidia kidogo, na kuna sisi. Nilimuuliza daktari hasira zangu nizipeleke wapi, akasema nizipeleke kwenye bustani. Nikamwambia nina mafriji. Mama mmoja mstaafu aliyekuwa mwanafunzi wake anakuja kumwogesha, naye hang'atwi, kwa sababu anaingia na kusema, "Mwalimu, nimekuja kwenye zamu." Mimi nimepumzika shingo.

Habari za Baba nimekutii. Akimuulizia, namwambia anisimulie. Kumbe Baba alifukuzwa kazi ya kwanza kwa kumpelekea barua za mapenzi bwenini kwa gari la ofisi! Nimejua habari za Baba mwezi huu kuliko maisha yangu yote.

Sasa Mjomba. Jana alikuja. Nilikuwa nimemwekea matusi akiba, nimeyapanga kabisa. Mama akamkaribisha, akamwita kwa jina la babu, akamwambia avue viatu ana matope. Akavua. Akakaa nao juu ya mapaja. Mama aliposinzia akatoka nje, akasimama na mimi kwenye mafriji.

"Huanza vipi?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akauliza kama ugonjwa unapita kwenye damu. Nikamwambia daktari amesema hatari huongezeka kidogo, lakini si lazima. Akatikisa kichwa, nikaona silo alilolijia.

"Kwa hiyo yule mama..."

"Hakufanya kitu, Mjomba."

"Hata kidogo?"

"Alileta chai, Mjomba. Basi."

Alishika mlango wa friji moja kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu kumwonea huruma, Kitinda, nakwambia kweli. Kisha akasema, yule mama mwenyewe ameshakufa, mambo ya kale tusiyafukue, yabaki humu humu ndani ya ukoo. Hapo damu ikanipanda. Wale watoto wako hai, niliwaulizia mtaani baada ya kusoma barua yake uliyonitumia. Mkubwa ana kibanda cha kushona viatu upande wa pili wa mji, nimemtengenezea friji yake mara nyingi bila kujua yeye ni nani. Mpaka leo wanaitwa watoto wa mchawi. Binti yake aliposwa mwaka jana, wakwe wakaulizia, posa ikarudi. Hayo si ya kale, na hayamo ndani ya ukoo wetu, tuliyatupa nje wenyewe yakawaangukia wao.

Kwa mara ya kwanza maishani nilimpandishia Mjomba sauti. Nikamwambia tutakwenda, likizo yako ikifika, sisi watatu, yeye mbele, na atasema mtaani pale pale kwa sauti ile ile aliyowakusanyia vijana. Wewe utaeleza ugonjwa, na safari hii utaueleza sawasawa. Usipange kitu kingine likizo hiyo.

Aliketi kizingitini. Akavaa viatu vyake, kamba zikamshinda, nikainama nikamfunga.

"Nitasema nini nikifika pale?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Utasema mlichofanya, Mjomba. Na ukisahau, mimi nipo."

Kaka yako,
Fundi Baridi